Daraja Ulilolichora kwa Punje za Mahindi

Mwanangu Chelangat,

Barua huanza kwa kuulizia hali, lakini hali yako naijua, maana asubuhi nimekuona ukimaliza viazi vitatu na kikombe kizima cha maziwa ya mursik bila kupumzika. Mtu anayekula hivyo hajambo. Mimi pia sijambo, ila nina jambo, na ndiyo maana nimekaa mezani mchana huu wa Jumamosi wakati wewe umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Mvua imeshaanza kule juu kwenye chai, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke kabla ya chai ya tatu. Nina muda.

Mambo ya soksi, sabuni, na jinsi ya kufunga sanduku lisifunguke njiani, mama yako amekwisha kukueleza, na nilisikia akikueleza tena. Mimi siongezi. Kesho asubuhi basi la Nairobi litakuchukua pale sokoni Roret, uende chuo kikuu. Acha niseme furaha yangu kwanza, isije ikamezwa na hayo mengine. Nina furaha mpaka jana nilimsalimu ng'ombe wa jirani. Nilimwambia "Chamgei!" kwa sauti, na jirani mwenyewe amesimama hapo anatazama.

Lakini Jumanne, tulipokuwa tukichuma chai shamba la chini, ulimwambia mama yako kwamba ukifika huko utajaza fomu ubadilishe somo, uache hesabu. Akakuuliza kwa nini. Ukasema, "Mama, mimi hesabu naanza vizuri, lakini mwisho huwa nakosea. Tangu nikiwa mdogo niko hivyo."

Nilikuwa mstari wa pili, kikapu mgongoni, na mkono wangu ukasimama juu ya chipukizi. Maneno hayo ni mimi niliyekutia kichwani, Chelangat, na yalikuwa uongo. Nataka kuuondoa uongo huo kabla hujapanda basi, kwa sababu sitaki uache kitu unachokipenda kwa kosa langu.

Nianze na greda, maana kiburi changu kilianzia huko.

Unajua niliendesha greda miaka mingi, kutoka pande za Sigowet mpaka karibu na Bomet, kabla sijapata kazi kwenye kiwanda cha chai. Kazi ya greda ni kukwangua kila barabara ya udongo wa murram. Ukipita tena mahali ulipokwisha kukwangua, umechoma dizeli bure na msimamizi atakupigia kelele mbele ya watu. Basi siku moja nilikaa chini nikachora njia panda zote za eneo letu kama nukta, na barabara kama mistari inayounganisha nukta. Nikajaribu kupitia mistari yote kwa kalamu, bila kuinua mkono na bila kurudia. Upande mmoja uliwezekana. Upande mwingine ulikataa, hata niuzungukie vipi.

Ilinichukua wiki nzima kuona sababu, nami nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo niache nijisifu kidogo. Ukiingia njia panda kwa barabara moja, lazima utoke kwa nyingine. Barabara zinatumika mbilimbili. Njia panda yenye barabara mbili, nne au sita haina shida. Lakini ile yenye tatu au tano, barabara moja inabaki haina mwenzake, na hapo ama umeanzia safari, ama unaimalizia. Safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Kwa hiyo njia panda za aina hiyo zikiwa mbili, unaanzia moja na kumalizia nyingine, kazi imekwisha. Zikiwa nne, usijisumbue, lazima kuna barabara utakayoirudia.

Mwalimu wako wa hesabu aliniambia baadaye kwamba namba zinazogawanyika kwa mbili ni shufwa, na zile nyingine ni witiri. Nikamwuliza, je, njia panda za witiri zikiwa tatu? Akacheka akasema haziwezi kuwa tatu. "Mzee, Jumapili watu wakitoka kanisani, hesabu wale waliosalimiana kwa mkono mara witiri. Hutapata watu watatu wala watano. Kila salamu ina mikono ya watu wawili, kwa hiyo jumla ya hesabu za wote ni shufwa siku zote, na witiri tatu zingeiharibu. Barabara nayo ina ncha mbili." Jumapili hiyo nilisimama mlangoni na penseli na daftari, nikihesabu mikono, mpaka mchungaji akaja kuniuliza kama siku hizi naandika watoro. Sikufika mwisho, lakini mwalimu alikuwa sawa. Niliijaribu tena nyumbani na ndugu zako kwa mikono yao midogo, nanyi mkanifikiria nina wazimu.

Hesabu hiyo ya greda ilinivimbisha kichwa. Nilipoajiriwa kupanga safari za lori la majani, nilijiona mimi ndiye bwana barabara. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniuliza, nikalipangia lori njia ya greda.

Unaikumbuka migongo yetu miwili ya vilima ilivyo. Kiwanda kiko katikati, mgongo wa kwetu unakwenda kushoto, ule wa ng'ambo unakwenda kulia, na vijia vingi vinapita huku na huku kati ya mashamba. Vituo vya kununulia majani ni vinne kwetu na vitatu kule. Mwisho wa kila mgongo barabara inakatika, na kati ya ncha hizo mbili kuna kijito. Nilipochora, nikaona witiri ziko mbili tu, zile ncha mbili. Nikapiga meza kwa furaha. Lori lianzie ncha ya kwetu, lipite kila barabara mara moja tu, limalizie ncha ya ng'ambo!

Na ndivyo lilivyofanya. Likaondoka tupu mpaka mwisho wa mgongo wetu, likapakia, likarudi likizunguka vijia visivyo na kituo wala jani, likapita mbele ya lango la kiwanda likiwa na magunia yananing'inia kila ndoano, na halikuingia. Dereva alipunguza mwendo akanitazama. Mimi nikampungia mkono aendelee, nisije nikaukata mstari wangu mzuri. Likaenda kumalizia safari ncha ya ng'ambo, mahali pa mbali kabisa na kiwanda, na ndipo likaanza safari ya kurudi.

Majani mabichi hayangojei kiburi cha mtu. Yakikaa yamebanana yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda kinayakataa. Siku ya tatu Mama Moraa alinijia. Yule aliyetoka upande wa Kisii na mume wake wakapata shamba kule ng'ambo, mwenye sauti inayosikika mpaka kwetu. Alifungua gunia lake lililorudishwa, akatia mkono, akautoa haraka.

"Mzee," akasema, "hii si majani tena. Hii imeshapikwa. Inangoja maziwa tu."

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Ilikuwa likizo ya Agosti, uko darasa la saba. Mama yako alikuwa amekwenda Bomet kumuuguza kogo, bibi yako, na tulikuwa sisi wawili na watoto wadogo. Ulinikuta nimeinamia karatasi, ukauliza ninafanya nini. Nikakueleza kwa ukali kidogo, kama mtu anayejua. Ukachukua punje za mahindi ukazipanga mezani, kila punje kituo, na kati yake ukaweka vipande vya uzi wa mkonge.

Nikakuambia, "Umekosea. Kiwanda hakiko hapo, kiko huku bondeni. Na barabara hii ina kona."

Ukaniambia, "Baba, haidhuru iko wapi. Tunataka kujua tu imeshikana na nani."

Chelangat, sijui kama unaelewa jinsi maneno hayo yalivyonipiga. Mimi nilikuwa nachora vilima na kona na miti, na wewe ulivitupa vyote, ukabakiza kile kilichohitajika. Kisha ukaniuliza, "Greda inatafuta nini?"

"Barabara."

"Na lori?"

"Majani."

"Majani iko wapi?"

"Kwa vituo."

"Sasa hizi barabara zingine za nini?" Na ukaanza kuondoa nyuzi, moja baada ya nyingine, zile zisizofika kituo chochote. Nilitaka kukuzuia, maana nilizipenda. Ikabaki mikono miwili imetoka kiwandani, mmoja wa punje nne na mmoja wa tatu. Ukaitazama. Ukasema lori litakwenda na kurudi mkono huu, kisha litakwenda na kurudi ule, na watu wa ule wa pili watangoja mpaka jua lizame. Halafu ukazisogeza zile punje mbili za mwisho mpaka zikakaribiana, ukauliza kati yake kuna nini.

Nikasema kijito.

"Ni kikubwa?"

"Mbuzi anaruka."

Ukakata kipande kimoja cha uzi ukakiweka hapo. Basi. Mikono miwili ikawa duara. Lori linatoka kiwandani, linapita kila kituo mara moja, linavuka, linarudi kiwandani kwa upande wa pili, karibu nusu ya mwendo wa kwanza. Ulichora yote kwenye ukurasa wa daftari, ukaniachia, ukaenda kufunga ndama.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo nimeizunguka kwa maneno mengi.

Niliichukua karatasi yako kwenye mkutano wa kamati ya wakulima. Nilikuwa bado nauma meno kwa ajili ya Mama Moraa na maziwa yake. Mwenyekiti aliponiuliza, "Arap Tonui, umeleta nini?" nilifungua karatasi na kusema, "Nimefikiria sana." Ni maneno mawili tu. Nilikusudia kuongeza kwamba binti yangu alinisaidia, lakini watu walikwisha kuanza kupiga makofi, na makofi yalikuwa matamu. Wakakubaliana kujenga daraja kwa Harambee, kila mgongo ulete mawe na watu. Mwezi huohuo wakaanza kuliita Daraja la Arap Tonui, kabla hata ya jiwe la kwanza.

Mwezi wa Desemba ulikuja pale kijitoni na chakula changu. Ulipoona vigingi vimepigwa, ulitupa kikapu chini ukaruka. "Baba! Ni uzi wangu!" Mwenyekiti alikuwa amesimama kando yangu. Nikacheka kidogo, nikasema, "Wako ulikuwa karibu, mama, lakini mwishoni ulikosea. Mimi nililazimika kurekebisha."

Ukauliza, "Nilikosea wapi?"

Nikasema utaelewa ukikua.

Kwa wiki mbili nilikuona mezani na punje zako, ukitafuta kosa. Kila jioni ulizipanga upya. Hukulipata, kwa sababu halikuwepo. Kisha siku moja ulizirudisha punje kwenye debe, na hukucheza mchezo huo tena. Nami nilipumua, Chelangat. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba nilipumua.

Sikurekebisha kitu. Fundi alipima kwa karatasi yako, vigingi vilipigwa mahali ulipoweka uzi, na lori linapita hapo mpaka leo. Tangu daraja lifunguliwe, majani ya Mama Moraa hayajarudishwa kwa sababu ya joto hata siku moja, na yeye husema hivyo kwa sauti kila anapopata nafasi.

Usifikiri kwamba niliadhibika nikapata akili mara moja. Baada ya daraja nilipatwa na ugonjwa wa duara. Walipoanza mradi wa maji, bomba litoke kwenye chemchemi lifike shule, kanisa, zahanati na soko, mimi nilisimama mkutanoni nikashikilia kwamba mwisho lazima urudi ushikane na mwanzo. Nilipiga kelele siku mbili. Mwalimu wako alinivuta pembeni akaniambia taratibu, "Mzee, lori linarudi nyumbani. Maji hayarudi." Akanionyesha: chukua kipande kifupi kuliko vyote, kisha kinachofuata kwa ufupi, na kila kipande kitakachofunga duara kiache, maana sehemu hizo mbili zimeshaunganishwa na vipande vingine. Ukimaliza, kila mahali pana maji na hujanunua bomba la ziada. Nukta zilikuwa zilezile karibu zote, ila mimi nilikuwa na jibu mkononi kabla sijasikia swali. Greda ilitaka barabara, lori lilitaka vituo, maji yalitaka kufika tu. Wewe ulilijua hilo ukiwa bado na sare ya shule ya msingi.

Siku hiyohiyo nilimwonyesha karatasi yako, nikijifanya nimeiokota mahali. Aliitazama kwa muda. Akasema haina kosa. Akasema pia kwamba hayo mambo ya nukta na mistari ni somo kamili, linaitwa nadharia ya grafu, na kuna watu chuo kikuu ambao kazi yao ni hiyo tu. Nusura nianguke. Watu wanalipwa kwa kucheza na punje! Halafu nikamwuliza kama iko kanuni nyepesi ya kupata njia ya vituo, kama ile ya shufwa na witiri ya barabara. Akatikisa kichwa. Alisema mpaka leo hakuna aliyeipata, hata huko Ulaya. Vituo vikiwa vichache unajaribu kwa jicho, vikizidi hata wakubwa wanakuna vichwa. Nilifurahi kusikia kwamba kuna jambo linalowashinda wote sawa na mimi. Na nilipoona jina la somo hilo kwenye ile orodha uliyotumiwa na chuo, moyo wangu uliruka, halafu ukakaa chini, kwa sababu nilikumbuka nilichokufanyia.

Ulipozungumza na mama yako Jumanne, sikulala vizuri siku tatu. Mama yako nilimwambia Alhamisi. Hakunifokea. Aliniambia, "Mimi umeniambia. Hao wengine je?"

Kwa hiyo jana, Ijumaa, wewe ukiwa nyumbani ukifunga sanduku, nilikwenda kituoni, na watu wote wakiwa kwenye foleni na vikapu, nilipanda juu ya mizani nikasema yote. Nilisema karatasi ilikuwa ya nani, na nilichokuambia kijitoni. Nilitegemea kuzomewa. Badala yake Mama Moraa, aliyekuwa amevuka kuja kumwona karani, akaweka kikapu chake chini.

"Mimi nilikuwa najua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile Desemba nilikuta huyu msichana kwa mto, analia. Nikauliza, akaniambia. Nikasema wacha nione huyu mzee atasema lini. Karibu miaka saba nangoja! Nilifikiri utakufa na hiyo maneno kwa tumbo."

Hapo foleni nzima ilipasuka kwa kicheko, na mimi pia nilicheka, ingawa machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. Nikawaambia daraja libadilishwe jina siku hiyohiyo. Mwenyekiti alikuwa tayari kukubali. Mama Moraa akakataa katakata.

"Jina ikae hivyo hivyo. Kila siku unapita hapo, kila siku unaona jina yako, unakumbuka. Hiyo ndiyo faini."

Wakapiga kura kwa mikono. Nilishindwa vibaya.

Mwanangu, somo la kusoma ni lako. Ukifika huko ukapenda kitu kingine, jaza fomu yako kwa moyo mkunjufu, nami nitajivunia hicho kitu kingine mpaka majirani wachoke. Ninachokuomba ni kimoja tu, usiache kwa sababu unaamini unakosea mwisho. Nisamehe kama utaweza, na kama itachukua muda, chukua muda. Nilikuwa mtu mzima nikamwonea wivu mtoto wangu wa darasa la saba. Sasa sina wivu. Nina furaha tupu, na aibu kidogo, nayo naona inanifaa.

Liko jambo moja bado. Kamati ilipomaliza kucheka ilinikumbusha kwamba mgongo wa tatu unafunguliwa mwaka ujao, na vituo vitakuwa kumi na kimoja. Nilianza kusema kwamba nitafikiria. Wakasema kwa sauti moja, "Tuletee ya msichana!" Nimezichora nukta zote kumi na moja nyuma ya ukurasa huu, na barabara zilizopo, na vijito vitatu ambavyo mbuzi anaruka. Nimejaribu tangu jana jioni, nimeshindwa. Ukipata nafasi huko, hata kama ni baada ya kubadilisha somo, itazame. Jibu lako nitalisoma kituoni mbele ya watu wote, nikiwa nimesimama palepale juu ya mizani, na kabla ya kusoma nukta ya kwanza nitataja jina lako.

Baba yako,
Kipkoech arap Tonui